Kengele ya Kiti Kitupu

Raivo alileta gari lake asubuhi ile barabara ya barafu juu ya bahari iliyoganda ilipofunguliwa, na halikuja kwa nguvu zake. Lilivutwa na trekta la jirani, kamba imekaza, yeye mwenyewe nyuma ya usukani na kofia ya manyoya imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Linazimika," alisema kabla hajashuka. "Nikiondoa mguu kwenye mafuta tu, linazama. Mshale unashuka, unashuka, halafu kimya."

"Habari za asubuhi na wewe pia, Raivo."

"Kairi, sina muda wa mizaha. Kesho navuka."

Linazama. Neno hilo hatulitumii ovyo hapa Hiiumaa wakati wa baridi, na katika kisiwa kizima hakuna mtu ambaye lilimfaa kidogo kuliko Raivo. Msimu kama huu mwaka uliopita, gari hilihili lilipasua barafu karibu na ufukwe wetu na kutumbukia. Raivo alitoka dirishani. Mke wake, Piret, alibaki kitini. Walipolivuta kesho yake walimkuta amekaa wima, mkanda umefungwa kifuani.

Kwenye barafu hatufungi mikanda, ili gari likizama mtu atoke upesi. Pale ufukweni husimama mtu mwenye koti la kung'aa, anainama kwenye kila dirisha na kusema yaleyale: mikanda fungueni, milango msiikomee, njiani msisimame. Sisi tuliozaliwa kisiwani mkono huenda kwenye kifungio kabla hajafumbua mdomo. Piret alikuwa wa bara, binti wa Haapsalu. "Alijifunga kwa mazoea," Raivo aliwaambia polisi, akamwambia mchungaji, akaliambia duka zima. Kisiwa kikatikisa kichwa. Watu wa bara, utawafanyaje.

Aliyeliamini neno hilo kuliko wote ni Helju, mama yake Piret. Mume wake alikufa ajalini Piret akiwa bado mdogo. Hakuwa amejifunga, akatupwa nje kupitia kioo cha mbele. Tangu siku hiyo Helju hakuwahi kuondoa gari kabla ya kusikia mkanda wa mtoto ukilia klik. "Mkono wake ulifunga wenyewe," aliniambia siku moja kwenye foleni ya dukani, ameshika kopo la samaki kama mtu asiyejua ni kitu gani. "Na mkono huo niliufundisha mimi." Baada ya mazishi aliuza nyumba yake, akaja kuishi kwa Raivo. Alimpikia, akamfulia mashati, akamfagilia theluji mlangoni. Alifanya yote kama mtu anayelipa faini, na Raivo alimwacha alipe.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Piret amezikwa kwao, Haapsalu, na Helju alitaka kumwashia mshumaa. Feri hakuitaka. "Nitapita alikopita mwanangu," alisema, na mama huyo akishasema amesema.

Ndiyo maana gari lile lilikuwa mbele ya karakana yangu. Gari linalozimika dereva akiondoa mguu si la kwenda nalo barafuni. Kwenye nyufa kuna madaraja ya mbao, na hapo lazima upunguze mwendo uyapande taratibu. Likikuzimikia juu ya ufa, uzito wote unasimama mahali pamoja, na barafu haipendi kitu kinachosimama. Kazi yangu ilikuwa moja: injini ishike, ili Helju afike ng'ambo.

"Uache ufunguo," nilimwambia Raivo. "Urudi mchana."

Mjomba Kaljo alikuwa ameshakaa pembeni ya jiko la kuni. Ni kaka wa mama. Aliniachia karakana alipostaafu, ila alisahau kuondoka. Kila asubuhi yuko palepale na kikombe chake cha kahawa, kazi yake kunikosoa.

"Anza na betri," alisema.

"Nimeshaipima."

"Basi alteneta."

"Inachaji vizuri kuliko wewe, mjomba."

"We mtoto, nitakuchapa."

Niliwasha. Injini iliwaka bila ubishi, ikapanda, halafu nilipoacha mafuta ikaanza kushuka. Gari likiwa limesimama, injini yake inatakiwa izunguke karibu mara mia nane kwa dakika. Mshale ulipita mia saba, ukapita sita, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Kabla haijafa niliikanyagia, ikarudi. Nilichomeka kompyuta ya kupimia. Kompyuta ikasema gari halina kosa lolote.

Nikaanza kutafuta kwa mikono. Nilikagua mipira ya hewa mmoja mmoja, nikaipuliza moshi kuona kama kuna unaovuja, hakuna. Plagi zilikuwa kavu, rangi yake nzuri. Nilifungua mlango wa hewa, kile kijibamba kinachoipa injini pumzi yake, nikakikuta kimeshika masizi meusi pembeni kote. Hapo hata mtu asiye fundi angefurahi. Masizi yakiziba pale, hewa inapita kwa shida, na injini ikiachwa peke yake inazunguka polepole mno. Nilipiga dawa, nikasugua hadi chuma kikang'aa, nikarudisha kila kitu mahali pake.

Niliwasha tena. Mshale ulisimama kwenye mia nane, haukucheza.

"Uchafu tu," alisema Kaljo, anamega mkate mweusi. "Asubuhi nzima kwa ajili ya uchafu. Enzi zangu ningemaliza kabla kahawa haijapoa."

"Enzi zako magari yalikuwa na kwato."

Alikuwa anacheka bado kengele ilipoanza.

Unaijua kengele ile. Ting, ting, ting, na kwenye dashibodi taa nyekundu yenye picha ya mtu mwenye mkanda kifuani. Gari lilikuwa linasema kuna abiria ambaye hajajifunga. Niligeuka. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

"Sensa ya kiti imeingia maji," Kaljo alisema kutoka pembeni ya jiko. "Gari lililala baharini, ulitegemea nini?"

Ilikuwa na maana. Chini ya mto wa kiti kuna sensa inayohisi uzito. Niliingiza mkono kuibonyeza. Kitambaa kilikuwa kikavu, lakini ubaridi wake haukuwa wa karakana yetu. Mkono ulipozama ndani ya sponji nilihisi kama kuna kitu upande wa pili kinausukuma urudi.

Niliutoa mkono. Kengele ikazidi, maana zile zinaanza kwa heshima halafu zinaongeza sauti. Nikafanya ambalo yeyote angefanya ili kuinyamazisha. Nilivuta mkanda wa abiria, nikaupitisha juu ya kiti kitupu, nikaufunga. Klik.

Kengele ikanyamaza. Na mshale ukaanza kushuka.

Haukuanguka. Ulishuka taratibu, mia saba, mia sita, mia tano, na gari zima likaanza kutikisika kama mtu anayepanda ngazi na ndoo mbili za maji na hataki kuomba msaada. Niliufungua mkanda. Ting, ting, na mshale ukapanda hadi mia nane. Nikaufunga tena, mshale ukashuka.

"Mjomba. Njoo uone."

Kaljo alikuja na kikombe chake. Nilimfanyia mbele ya macho yake, funga, fungua, funga. Alitafuna mkate polepole.

"Waya," alisema. "Kuna waya wa kifungio umechubuka chini ya kiti. Ukifunga, unagusa chuma, unanyonya umeme, alteneta inalemewa, injini inachoka."

Nami nilikuwa nimewaza hivyohivyo. Nililala sakafuni, nikaingiza kichwa chini ya kiti, nikachomoa plagi ya waya za kiti chote: ya sensa, ya kifungio, kila kitu. Taa ya dashibodi ikazimika. Sasa kifungio kile kilikuwa kipande cha chuma na plastiki tu, hakikuunganishwa na chochote duniani.

"Funga," alisema Kaljo.

Nikarudi nyuma ya usukani, nikafunga. Mshale ukashuka.

Injini ilikuwa inahangaika chini ya boneti, na kioo cha upande wa abiria kikaanza kushika ukungu kwa ndani. Ukungu ninaoujua hukaa juu ya kioo kizima. Huu ulianzia chini. Ulipanda kwa mstari ulionyooka, kama maji yanavyopanda kwenye glasi, ukafika nusu ya kioo, ukapita nusu.

"Fungua mkanda huo, Kairi," alisema Kaljo. Sauti yake sikuijua.

Niliufungua. Mstari ukasimama, halafu ukashuka ulivyopanda. Kaljo aliweka kikombe juu ya boneti, jambo analonikataza mimi, akakaa juu ya tairi kuukuu. Mimi nilibaki nyuma ya usukani. Na hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo. Asubuhi yote nilikuwa nimekaa kiti cha dereva na sijafunga mkanda. Mbona kengele haikunilalamikia mimi?

Nilipapasa kando ya paja. Kifungio cha dereva kilikuwa na ulimi ndani yake, ule ulimi wa chuma wa mkanda, lakini mkanda wenyewe haukuwepo. Ulimi huo ulikuwa umekatwa kwenye mkanda wa gari jingine kwa msumeno. Alama za meno yake zilionekana. Niliuchomoa, nikamwonyesha Kaljo.

"Aa, hicho," alisema. "Wengi wanacho. Barafuni huruhusiwi kufunga, na kengele inakulilia hadi ng'ambo. Inatia wazimu. Unachomeka hicho, inanyamaza."

"Na abiria je?"

"Abiria naye anavumilia kelele."

"Raivo anavumilia kelele?"

Wote tunamjua Raivo. Aliwahi kugombana na kanisa kwa sababu ya kengele ya Jumapili.

"Ana kimoja tu," nilisema. "Nimetafuta, cha pili hakipo. Upande wake alikuwa amenyamazisha. Upande wa Piret ulikuwa unalia."

"Usiseme unachokiwaza."

"Sisemi."

"Kairi, yule mtu amefiwa. Mwaka haujapita."

"Unapita," nilisema. "Kesho unapita."

Nilirudisha ule ulimi mahali nilipoukuta. Kisha nikalala tena sakafuni, nikaichomeka plagi ya waya za kiti ilivyokuwa.

Walikuja mchana, jua limeshalala juu ya misonobari kama kawaida yake wakati huu wa baridi. Helju alikuwa amevaa koti jeusi la kwendea kanisani, na kwenye mkoba wake kilichungulia kichwa cha mshumaa. Hakutaka kuuacha nyumbani hata siku moja kabla ya safari.

"Limepona?" aliuliza Raivo.

"Nimesafisha njia ya hewa. Lakini lijaribu kwanza hapa uani, ulisikilize, na abiria wako akae atakapokaa kesho. Injini hubadilika ikibeba mtu."

Uongo huo Kaljo aliusikia. Alinivuta mkono nyuma ya mlango. "Unafanya nini?"

"Napima injini."

"Kwa kumtumia bibi wa watu?"

"Kesho bibi wa watu atakaa kwenye kiti kile juu ya bahari, mjomba. Unataka tupime kule?"

Helju alikaa, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Raivo aliwasha. Mia nane, tulivu. Akanitazama na karibu atabasamu. Akaliondoa taratibu, akaanza kuzunguka ua, nami nikatembea kando ya dirisha lake lililo wazi. Kengele ikaanza.

"Mama Helju, hufungi?" niliuliza.

"Siufungi. Nimeapa. Nisipozoea leo, kesho mkono utanisaliti."

Ting, ting, ting. Tulizunguka mara ya kwanza. Masikio ya Raivo yalianza kuwa mekundu chini ya kofia.

"Hii kelele hukuitoa?"

"Hukuniambia niitoe. Uliniambia linazama."

Kengele ikapandisha sauti. Alibadilisha gia kwa hasira, akasahau, akairudisha. Mate yalimkauka, nilimwona akilamba midomo. Halafu akasema, bila kumtazama Helju, kwa ulaini wa maneno yaliyokwisha kusemwa mahali hapohapo:

"Funga tu, basi. Funga, inanitoboa masikio. Tutafungua tukifika mbele."

Mkono wa Helju uliinuka. Naapa, hakuuamuru. Ulikwenda juu ya bega, ukavuta, ukashuka, klik.

Ukimya. Gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama, injini ikaanza kushuka.

Kioo cha upande wake kikashika ukungu kutoka chini. Niliuona mstari ukipita kwenye kiwiko chake, ukielekea begani. Pumzi yake ilikuwa inatoka nyeupe. Ya Raivo haikuonekana kabisa. Lakini Helju hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama chini, kando ya paja la Raivo, kwenye ule ulimi usio na mkanda.

"Wewe umefungaje?" aliuliza.

Raivo alifunika kifungio kwa kiganja.

"Na yeye ulimwambia hivyo? 'Tutafungua tukifika mbele'?"

"Mama, ilikuwa kelele tu. Ilikuwa kelele… Yule wa koti tulishampita, barafu ilikuwa nzuri, nani angejua? Nilimwambia nitamkumbusha."

"Alikuwa ameufungua?"

Injini ilikuwa imefika pale ambapo kila pigo unalingoja.

"Raivo. Mwanangu alikuwa ameufungua mkanda?"

"Ndiyo," alisema Raivo. "Ufukweni. Aliufungua mwenyewe. Akaufunga tena mimi nilipomwambia."

Helju alibonyeza kitufe chekundu. Hakikufunguka. Alibonyeza tena kwa vidole viwili, halafu kwa kiganja chote. Nilikimbilia upande wake, nikavuta mlango. Haukuwa umekomewa na haukufunguka. Kupitia kioo niliona mstari wa ukungu umemfika kidevuni, na juu ya mstari uso wake, mtulivu kabisa, kama mtu aliyeitwa jina kutoka chumba cha pili.

"Piret," alisema. "Mwachie mama. Nimeshasikia."

Klik.

Mlango ulifunguka mkononi mwangu kwa nguvu yangu mwenyewe, karibu nianguke. Injini ilipanda hadi mia nane na kutulia pale, inanguruma kama siku ilipotoka kiwandani. Helju alishuka na mkoba wake. Sketi yake ilikuwa kavu. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, na alama zake kwenye theluji ziliacha maji yaliyoganda kabla hajafika mlangoni mwa karakana.

Kesho yake nilimvusha mimi kwa gari langu la kazi. Yule wa koti la kung'aa aliinama, akasema maneno yake, na mikanda yetu ilikuwa imeshaning'inia pembeni. Tulipopita pale gari lilipotumbukia, ambapo barafu ina rangi tofauti kidogo na ya kwingine, nilipunguza mwendo. Kusimama hairuhusiwi. Helju alifungua kiganja chake cha kulia, akakitazama upande wa ndani, akakigeuza.

"Si mkono wangu uliomfunga," alisema.

Hakurudi kisiwani. Dada yake alimpokea Haapsalu, na mashati ya Raivo sasa anayafua mwenyewe.

Kisiwa kimezungumza, bila shaka. Wanasema nilimtega mtu mwenye msiba, nilimtumia mama mzee kama jeki. Mchungaji alipita kunikumbusha huruma. Kaljo, ambaye aliona yote, huniambia kila wiki: mwombe radhi, neno dogo tu, liishe.

Juzi Raivo alikuja mwenyewe. Aliliacha gari uani likinguruma, akasimama mlangoni na kofia mkononi, amekonda. Alisema plagi ya kiti ameichomoa mwenyewe, halafu akazikata waya, halafu akaking'oa kiti chote akakitupa ghalani. Alisema bado inalia. Nilitega sikio, na kweli, kutoka kwenye gari lisilo na mtu, lisilo na kiti cha abiria, ilikuwa inakuja: ting, ting, ting.

"Siwezi kuizima," nilimwambia. "Injini yako ni nzima."

"Basi walau uniombe radhi. Kwa ulichonifanyia mbele yake."

Kaljo aliinua kichwa pembeni ya jiko, akanitazama kwa matumaini. Nilifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Siombi," nilisema.